Alama Zipi Zipelekwe Chuoni?



Wasomaji wetu watukufu, wiki iliyopita safu hii haikutoka, na baadhi yenu mliniuliza baada ya sala ya Ijumaa kama nilikuwa naumwa. Sikuumwa ila kwa baridi. Nilikuwa Mweiga, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu. Mashariki kuna Mlima Kenya, magharibi safu ya Nyandarua, na hapo hapo mjini ndipo yalipo makao makuu ya hifadhi ya taifa ya Aberdare. Mimi mtu wa Mombasa, niliyezoea kanzu nyepesi na upenyo wa dirisha, nilikaa siku tano nimejifunika blanketi, na watoto wa nyumba wakinicheka kwa adabu.

Niliitwa huko na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Ameolewa na bwana mmoja mzaliwa wa Majengo ya Nyeri, mfanyabiashara wa viazi, ambaye hununua katika mashamba ya Kieni na kuviteremsha soko la Kongowea. Ndiko alikotuona na ndiko tulikomwona. Simu ya mpwa wangu ilikuwa fupi: "Mjomba, njoo uamue baina ya baba na binti, maana nyumba haina raha." Nikadhani ni posa. Kumbe ni alama za mtihani.

Nakieleza kisa hiki, kwa idhini yao, kwa sababu najua nyumba kadhaa za hapa pwani ambazo wana wao wanauandaa mtihani uo huo, na kadhia hii itawabishia hodi.

Binti huyo, mjukuu wangu kwa hesabu ya ukoo, alifanya KCSE mwaka 2024 akapata A-. Katika utaratibu wetu wa nyumbani, mtoto hana la kuchagua katika kupeleka matokeo. Baraza la Mitihani hutoa alama, KUCCPS huzipokea na kupiga hesabu ya masomo manne yanayohusika na kozi, kisha huita. Kazi ya mzazi ni kuomba dua na kutafuta karo. Kwa hiyo mzazi wa Kenya hajazoea kuulizwa: je, matokeo gani ungependa tuyaone?

Vyuo vya Marekani huuliza. Mtihani wao mashuhuri, SAT, mtu aweza kuufanya zaidi ya mara moja. Una sehemu mbili, Kusoma na Kuandika, na Hisabati. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, na jumla ya juu kabisa ni 1600. Zamani, mwanafunzi akiomba alama zake zipelekwe, zilikwenda zote, njema na mbovu. Tangu 2009 wenye mtihani, College Board, walitoa ruhusa: mwanafunzi na achague mwenyewe matokeo ya kikao kipi yapelekwe chuo kipi. Hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi wa Mweiga.

Binti alifanya mtihani mara tatu mwaka wa 2025. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, mwanzoni mwa Ramadhani. Waliondoka Mweiga saa nane za usiku kwa daku ya haraka garini, wakasafiri zaidi ya kilomita 150 hadi Nairobi, na mtoto akakaa mbele ya kompyuta na saumu yake. Alipata 560 katika Kusoma na Kuandika na 680 katika Hisabati, jumla 1240. Juni alipata 610 na 720, jumla 1330. Agosti 690 na 680, jumla 1370. Kila kikao kwa mtahiniwa wa huku kwetu hugharimu zaidi ya dola 100, yaani zaidi ya shilingi 13,000, mbali na nauli na malazi. Baba alizitoa bila kunung'unika, na hilo mumwekee heshima.

Sasa baba alisema: tupeleke 1370 pekee kila mahali, na hizo nyingine zife. Binti akasema: haiwezekani kila mahali. Mama akasema: mwiteni mjomba.

Usiku wa kwanza sikutoa neno. Nilimwomba binti anisomeshe. "Babu, njoo uone," akafungua kompyuta, akanipitisha katika kurasa za vyuo alivyovichagua kimoja kimoja, nami nikauliza kama mwanafunzi wa chuoni anayeanza alifu kwa kijiti. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, ruhusa ya kuchagua ni ya kikao kizima. Huwezi kukata Hisabati ya Juni ukaishona na Kusoma ya Agosti. Ukipeleka Juni, imekwenda yote. Walakini vyuo vingi, vikishapokea vikao viwili au vitatu, huishona nguo hiyo vyenyewe: huchukua alama ya juu ya kila sehemu popote ilipo. Basi tazameni. Baba alipotaka kuipeleka Agosti pekee, alidhani anamwonyesha binti yake kwa uzuri kamili. Ilhali chuo kinachoshona alama kingepata 690 ya Agosti na 720 ya Juni, jumla 1410. Kwa kuficha, alikuwa akimnyang'anya mtoto alama 40 alizozitolea jasho. Nilipoliandika jambo hili kwenye karatasi na kumsogezea, alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hili sikulijua, Sheikh." Basi kwa vyuo vya namna hiyo mjadala ulikwisha: Juni na Agosti zinakwenda, Machi inabaki, na hakuna aliyesema uongo, kwa sababu chuo chenyewe kimesema, leta unachotaka.

Pili, wapo wasiodai mtihani kabisa. Chuo cha Bowdoin kule Maine kiliacha kuulazimisha tangu 1969. Wakati wa maradhi ya korona, 2020, vyuo vingi vilifuata. Vyuo vya jimbo la California vimekwenda mbali zaidi, havizitazami alama hizi katika kupokea wanafunzi hata ukizituma. Wengine wamerejea nyuma: MIT ilirudisha sharti la mtihani 2022, na Harvard ikatangaza vivyo hivyo 2024. Kwa hiyo mzazi asitegemee habari za jirani ambaye mwanawe aliondoka miaka minne iliyopita. Asome ukurasa wa chuo chenyewe, wa mwaka huu. Pale ambapo hiari ipo kweli, kipimo ni chepesi. Vyuo vingi hutangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi waliowapokea. Alama za mtoto zikiwa ndani ya nusu hiyo au juu yake, zipelekwe. Zikiwa chini kabisa, ziachwe, na kuacha huko hakuna dhambi, kwani hakuna swali lililoulizwa.

Tatu, na hili ni la mfuko, taarifa nne za alama hupelekwa bure iwapo mwanafunzi atavitaja vyuo kabla ya kupita siku tisa baada ya mtihani. Mzazi mwenye kubana matumizi hulirukia jambo hilo. Lakini siku tisa hizo huisha kabla matokeo hayajaonekana. Anayechukua cha bure amekwisha kuchagua bila ya kuona. Sisemi ni vibaya. Kwa mtoto mwenye kujiamini ni nafuu kubwa. Nasema tu ijulikane kuwa ndivyo. Baba wa Mweiga hakuichukua nafasi hiyo mara zote tatu, na ndiyo maana Machi ilikuwa bado mikononi mwao.

Nne ndiyo yenyewe. Kipo chuo ambacho binti alikipenda kuliko vyote, nacho ni Georgetown, mjini Washington. Msishangae Muislamu kukipenda chuo kilichoasisiwa na mapadri wa Kijesuiti. Mwaka 1999 chuo hicho kiliajiri imamu wa kudumu wa kuwahudumia wanafunzi Waislamu, na leo kina msikiti ndani ya eneo lake, uliopewa jina la Yarrow Mamout, Muislamu wa Kifulani kutoka Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani, akaachiwa huru 1796, akanunua nyumba katika mtaa huo huo wa Georgetown. Mama mtu aliposikia habari za msikiti, roho yake ilitulia. Chuo hicho pia kina tawi Doha tangu 2005, na mama angependa Doha zaidi kwa kuwa ni karibu na shangazi zetu wa Ghuba. Lakini moyo wa binti uko Washington.

Georgetown haikubali ruhusa ya kuchagua. Inataka alama za vikao vyote, bila kubakisha. Hata yenyewe hutazama alama za juu za kila sehemu, lakini inataka kuiona njia nzima. Na hapana askari mlangoni. College Board hupeleka kile tu mwanafunzi alichoomba kipelekwe. Chuo kinamtegemea mwanafunzi aliye Mweiga, asiyemjua, aseme kweli.

Baba alisema maneno ambayo sitayasahau upesi. "Mjomba, mtoto alikuwa amefunga siku ile. Hajalala. Alama ile si yake, ni ya njaa na usingizi. Kwa nini watu wasiomjua wamhukumu kwayo? Na nani atajua?" Hakuwa mtu mwenye hila. Alikuwa baba anayemwonea huruma mwanawe, na mimi nilihisi koo langu likikaza.

Nilimjibu kwa viazi, maana ndiyo lugha yake. Nilimuuliza, mteja wa Kongowea akikuagiza viazi vikubwa tu, ukachambua, ukamletea vikubwa, ukabaki na vidogo nyumbani, umemhini? Akasema la, ndivyo alivyotaka. Nikasema, na akikuambia, niletee kila kilichochimbwa katika shamba hili, nitachambua mwenyewe, nawe ukaviacha vidogo Mweiga ukamwambia ndivyo vyote? Akanyamaza. Nikamkumbusha yeye mwenyewe anavyolalamika juu ya wakulima wanaopanga viazi vinene juu ya gunia na vya kupandia chini. Sheria imeweka gunia la kilo 50, lakini hakuna sheria inayoweza kuona katikati ya gunia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupita sokoni mrundo wa nafaka, akaingiza mkono wake ndani, ukakuta umajimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mvua ilikuwa kweli. Kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kuificha iliyolowa chini ya iliyokauka. Nikamwambia baba: saumu ya mtoto ni mvua ile. Ni udhuru wa kweli. Lakini udhuru wa kweli huelezwa, haufichiwi mali.

Binti, ambaye amesoma madrasa ya Nyeri mjini, aliuliza swali zuri zaidi. "Babu, kwani maimamu wa hadithi si walichagua? Si waliacha nyingi?"

Nilifurahi, nikasahau baridi. Ndiyo, walichagua. Imamu Bukhari aliacha hadithi nyingi sahihi nje ya kitabu chake kwa kuchelea urefu. Lakini tazama jina alilokiita: ndani yake mna neno mukhtasar, yaani kilichofupishwa. Alimwambia msomaji mlangoni kwamba hapa pamechaguliwa. Huko ni kuchagua kwa wazi, na ndiko kupeleka Juni na Agosti kwa chuo kilichoruhusu.

Kuna jambo jingine ambalo wanavyuoni wa hadithi waliliita tadlis. Mpokezi ana mnyororo wa watu: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Katikati yupo mmoja dhaifu, mwenye kumbukumbu mbovu. Mpokezi humtoa huyo dhaifu, akawaunganisha wenye nguvu wa huku na wa huku, na mnyororo ukang'aa. Hakutamka uongo hata neno moja. Kila aliyemtaja yumo. Lakini mnyororo si ule aliopewa. Shu'ba bin al-Hajjaj wa Basra alikuwa mkali mno juu ya kitendo hicho. Na yupo mwanachuoni wa Sham, al-Walid bin Muslim, msomi mkubwa, ambaye imepokewa kuwa alifanya hivyo katika hadithi za al-Awza'i: aliwaondoa wapokezi dhaifu waliomtangulia. Alipoulizwa sababu, jawabu lake lilikuwa la mapenzi: alimwona al-Awza'i kuwa mtukufu mno kupokea kutoka kwa watu kama hao. Hakufanya kwa chuki wala kwa fedha. Alimpenda, akataka aonekane safi. Na wenye fani hawakumkubalia. Mpaka leo jina lake likitajwa, hutajwa na tahadhari hiyo.

Nilipofika hapo nilimtazama baba, naye akawa anatazama mikono yake.

Basi nikalazimika kusema jambo la kwangu, ambalo katika miaka yote ya safu hii sikuliandika. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu niliomba nafasi katika chuo kimoja ng'ambo. Fomu iliuliza kama nimewahi kushindwa mtihani wa kuingia chuo kingine. Nilikuwa nimeshindwa, mwaka mmoja nyuma, katika nahau, aibu kwa mtoto wa madrasa. Nikaandika hapana. Nikakubaliwa. Kwa miaka miwili, kila tarishi alipokuja darasani kuniita ofisini, iwe ni kwa barua ya nyumbani au kwa ada, miguu yangu ililegea. Hawakujua kamwe. Huenda wangenipokea hata kama ningesema. Sitajua hilo pia. Mama watoto alilisikia jambo hili mara ya kwanza nilipomsomea rasimu ya makala haya, akasema, "Na mimi siku zote nadhani wewe ndiye bingwa wa nahau."

Wapo wasomaji watakaosema, Sheikh, hao ni makafiri na mtihani ni wao, amana gani hiyo? Jawabu ni kwamba fomu ile ina kiapo mwishoni, mwanafunzi huthibitisha kuwa aliyoyasema ni kweli. Muislamu hana kweli mbili, moja ya jirani yake na moja ya mgeni. Wengine watasema, mbona watoto wa matajiri hufanya mtihani mara tano na wana walimu wa nyumbani, huo nao si udanganyifu? Hilo ni dhulma ya hali, nami nalikiri. Mtoto wa Mweiga aliyeondoka saa nane za usiku hakukaa kiti kimoja na wa Nairobi aliyelala kwake. Lakini njia ya kulijibu ni kuieleza hali, na fomu zina nafasi ya maelezo ya ziada kwa kazi hiyo.

Kuhusu maelezo hayo nilimshauri binti aandike machache. Asiombe huruma. Asema kikao cha Machi kilikuwa ndani ya Ramadhani, akiwa amefunga, baada ya safari ya usiku, na kwamba vikao viwili vilivyofuata vinaonyesha alivyo. Sentensi mbili zatosha. Aliziandika mbele yangu kwa Kiingereza, akanitafsiria, nami sikuwa na la kuongeza. Mtu akizisoma, 1240 ile huenda ikageuka kuwa kitu cha kumsaidia: mtoto aliyepanda alama 130 kwa miezi mitano. Sikumuahidi hivyo. Wasomaji wa fomu ni watu, na watu hawatabiriki.

Jambo moja nililisisitiza kwa wazazi wote wawili, nanyi akina mama mnaosoma nalisisitiza kwenu: ni binti atakayebonyeza kitufe. Jina ni lake, saini ni yake, na miaka minne ya kukaa huko ni yake. Mzazi akimpelekea alama kwa mkono wake mwenyewe usiku, mtoto ataurithi uongo asioutunga. Nimeona nyumba ambamo baba ndiye mwenye neno la siri la mwanawe. Mrudishieni.

Asubuhi ya nne, baada ya Alfajiri, nilimkuta baba uani akisimamia upakiaji wa lori, pumzi ikimtoka kama moshi. Alifungua gunia moja lililokuwa tayari limeshonwa, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kiazi cha katikati, akakigeuza, akakirudisha. Hakuniambia kitu wala sikumuuliza. Alipoingia ndani alimwambia binti, "Peleka zote tatu kwa wale wa msikiti. Na za Juni na Agosti kwa wengine." Binti akasema alikuwa amekwisha kupeleka tangu usiku. Mama mtu akacheka hadi akakaa chini.

Majibu ya Georgetown kwa waombaji wa awamu ya kawaida hutoka kabla ya tarehe 1 Aprili, na kwa hesabu ya mwezi hiyo itakuwa baada ya Idi, inshaallah. Mpwa wangu ameniomba niwaombe dua zenu.

Wiki ijayo nitajibu barua ya bibi wa Likoni kuhusu mirathi ya nyumba ya makuti.